Mzazi Hakufika

Umewahi kuona mwizi akimpelekea mwenye mali kitu alichomwibia ili amtilie vifungo? Basi ilitokea, saa nne ya asubuhi, kweupe kabisa, kwenye kibanda cha fundi cherehani kinachotazamana na chekechea ya halmashauri. Na la kuudhi zaidi ni kwamba aliyekileta hakujua hata kidogo kuwa ni cha wizi. Alikileta huku anacheka.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkono mwepesi, ulimi mwepesi zaidi, na kila shule zilipokaribia kufunguliwa kazi yake ilikuwa moja tu: sare za chekechea. Pale chekechea wana utaratibu wao. Kila mtoto hutariziwa kwenye mfuko wa kifuani, kwa uzi mwekundu, namba yake ya daftari la uandikishaji. Walimu wanasema ni usalama, wasije wakamkabidhi mtu mtoto asiye wake, maana watoto arobaini wakishagaagaa vumbini mchana kutwa wote wanakuwa rangi moja. Mzazi akiitwa halmashauri na mtoto wake akapita, anapewa kikaratasi chenye namba na muhuri. Anakileta kwa fundi pamoja na kitambaa. Bila kikaratasi fundi hatarizi, na bila namba kifuani mtoto hapiti getini.

Asubuhi hiyo aliingia mama mmoja mnene wa furaha, mwenye mkoba unaong'aa, amemshika mkono mwanawe wa kiume. Fundi alimpima mtoto mabega, akampima kifua, akaandika vipimo ukutani kwa chaki kama kawaida yake, kisha akanyoosha mkono apewe kikaratasi.

Kilikuwa na muhuri wa halmashauri, saini ya idara, na namba kumi na saba.

Fundi alikitazama. Akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele. Kumi na saba ilikuwa namba ya binti yake.

Miezi minne kabla ya hapo alikuwa amefunga kibanda siku nzima, akapanga foleni tangu alfajiri, akaandikwa mstari wa kumi na saba katika daftari lenye mistari arobaini. Aliondoka na neno moja tu: "Utaitwa." Akasubiri. Akarudi kuuliza, akaambiwa ataitwa. Akarudi tena, akaambiwa hivyo hivyo, mpaka yule karani wa dirishani watu wa foleni walishamsahau jina lake, wanamwita Bi Utaitwa.

"Dada, hii namba umeipataje?" fundi aliuliza, sauti akiibana.

"We acha tu!" yule mama alijibu, ametabasamu hadi magego yanaonekana. "Mimi hata foleni sijui inaanzia wapi. Shemeji yangu ndiye mkuu wa idara pale. Alinipigia tu simu juzi, akaniambia kuna mstari uko wazi, mwenyewe hakufika. Watu wengine bwana, wanapewa nafasi wanashindwa hata kwenda!"

Fundi hakumtukana. Tumpe heshima yake kwa hilo, maana wengi wetu tungemfukuza na mkasi. Chini ya meza ya cherehani, juu ya vipande vya vitambaa, alikuwa amekaa huyo "aliyeshindwa kwenda": msichana wa miaka minne, mwembamba, anayeitwa Pini na mtaa mzima, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Wiki moja nyuma alikuwa ameshika pasi ya mkaa kwa kiganja kizima, wakati mama yake amegeuka kumpima mteja. Baba yake Pini alikwenda mbali kutafuta kazi, kazi akaipata, njia ya kurudi ndiyo ikampotea. Bibi yake, mama mzaa fundi, ndiye aliyekuwa akimlea, lakini macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho na sasa hatofautishi mjukuu na mto. Kwa hiyo Pini alikuwa anakua chini ya meza, baina ya sindano, mkasi na moto. Na chekechea ile haipokei mtoto aliyetimiza mitano. Mwaka ujao angekuwa ametimiza.

"Acha kitambaa," fundi alimwambia mteja wake. "Njoo keshokutwa."

Akafunga kibanda, akambeba Pini mgongoni, akaelekea halmashauri huku kichwa kinamchemka.

Getini kulikuwa na mlinzi mzee, suruali yake imepunguzwa kiunoni na mtu asiyejua kazi, na mbele yake kitabu cha wageni. Kila anayeingia anaandika: nani, anakwenda chumba gani, saa ngapi. Fundi aliandika, akaingia. Ndani palikuwa na ukumbi mrefu wenye benchi ubavuni, na watu wamekaa kwenye benchi lile kwa ule ukaaji wa watu waliokwisha kukata tamaa ya makalio yao. Mwisho wa ukumbi palikuwa na mlango uliofungwa, na kando ya mlango kidirisha cha kioo chenye tundu dogo chini.

Bi Utaitwa alikuwa nyuma ya kioo, anachanganya chai. Aliichanganya mpaka akaridhika. Kisha akainua macho.

"Namba kumi na saba," fundi alisema. "Nataka kuona imeandikwa nini."

"Utaitwa."

"Nimekwisha kuitwa, dada. Nimeitiwa dukani kwangu na mtu mwingine. Fungua daftari."

Labda ilikuwa ile sauti, au labda ni benchi zima lililonyamaza kwa mara moja, lakini Bi Utaitwa alilivuta daftari na kulifungua. Alidhani kwa kuwa liko juu chini kwa upande wa fundi, litakuwa salama. Hakujua kwamba fundi cherehani anasoma namba juu chini maisha yake yote, kwenye tepu inayomning'inia shingoni. Mstari wa kumi na saba ulikuwa na tarehe tatu, na kando ya kila tarehe maneno yale yale kwa mwandiko ule ule: Mzazi hakufika. Mzazi hakufika. Mzazi hakufika. Chini yake, kwa herufi ndogo, jina la mtoto mwingine.

"Hiyo ya katikati," fundi alisema, kidole kimegonga kioo, "siku hiyo nilikuwa hapa. Nilikaa benchi hili tangu saa mbili mpaka mlipofunga mlango kwenda kula. Mimi na mtoto."

"Uliitwa mara tatu kwa mujibu wa utaratibu. Hukuitika."

"Uliniita ukiwa wapi?"

"Hapa ndani."

"Mlango umefungwa?"

"Mlango hufungwa kwa sababu ya kelele zenu."

"Na feni inanguruma kama mashine ya kusaga?"

"Mama, mimi ni karani wa serikali, si mpiga mnada. Sauti yangu ndiyo hii."

Sikiliza mambo hayo. Mtu amekaa hatua nne kutoka mlangoni, ameacha kazi, ameshika mtoto, na mwenzake ndani, mlango kafunga, feni kaiwasha, anatamka jina lake kwa sauti ya kumwita paka aliye mapajani. Mara tatu. Kisha anachovya kalamu: hakufika. Na kwa kuwa daftari lina mistari arobaini tu, na wakaguzi hawataki mstari uongezwe wala ufutwe, mtoto wa mwenye simu anaandikwa pale pale chini ya mtoto wa mwenye benchi, na namba inabaki ile ile. Wala haikuwapitia akilini hata siku moja kwamba namba ile ingetembea kwa miguu yake hadi kwa fundi pekee wa chekechea, aliye mama yake Pini. Walijua kila kitu kuhusu madaftari. Watu wanafanya kazi gani mjini mwao, hilo hawakuwahi kujisumbua kuuliza.

"Mnatufanya wajinga," fundi alisema. Alilisema kwa sauti ya kutosha kupita kioo, feni na mlango.

Bi Utaitwa akashusha pazia la kidirisha. Watu wa benchi waliguna. Mmoja akasema polepole, "Fundi, umetuharibia, sasa hafungui mpaka mchana." Na kweli hakufungua. Hivyo ndivyo tunavyofundishwa kulaumiana wenyewe kwa wenyewe, na wao wanakunywa chai.

Mwisho wa ukumbi, karibu na choo, palikuwa na meza ya afisa malalamiko. Kijana mpole, koti limemzidi mabega yote mawili, bila shaka alirithi. Alimpa fundi fomu ya nakala tatu yenye karatasi za kaboni katikati. Fundi aliandika kila kitu, tarehe kwa tarehe, mgongo umeinama, Pini amelala pajani. Alipomaliza aliuliza, "Sasa hii inakwenda wapi?"

"Inakwenda kwa mhusika, aitolee majibu."

"Mhusika nani?"

"Yule unayemlalamikia." Kijana mwenyewe aliona aibu kulisema. "Ndio utaratibu, dada. Ana siku kumi na nne."

Chekechea ilikuwa inafunguliwa baada ya siku kumi na tisa. Fundi alipiga hesabu hiyo palepale, akameza mate machungu, akatia saini.

Siku ya kumi na nne majibu yalifika, kwa barua yenye mihuri miwili. Afisa husika, ilisema barua, amejichunguza kwa makini na hakujikuta na kosa lolote. Aidha, mlalamikaji alitumia lugha isiyostahili dhidi ya mtumishi wa umma akiwa kazini, jambo ambalo idara imelichukulia kwa uzito. Mlalamikaji anashauriwa kuhudhuria anapoitwa.

Fundi aliisoma akiwa amesimama. Kisha akamsomea mama yake, aliyekuwa amekaa kitandani akipapasa ukingo wa shuka.

"Rudia hapo," bibi alisema. "Amejifanya nini?"

"Amejichunguza."

"Akajikuta?"

"Akajikuta hana kosa."

Bibi alicheka kwanza, akacheka mpaka akajifuta macho yake yasiyoona, kisha kicheko kikakatika katikati. "Mwanangu," alisema, "mimi jana nilimwagia huyu mtoto chai karibu na mguu. Sikumwona. Alikuwa pale mbele yangu na sikumwona. Wewe fanya ufanyavyo, lakini humu ndani na mimi asikae tena."

Hapo fundi akapiga moyo konde. Kesho yake asubuhi hakwenda kidirishani. Alisimama getini kwa mlinzi mzee, akamwomba amfungulie kitabu cha wageni ukurasa wa ile tarehe ya katikati. Mlinzi alimtazama, akatazama jengo nyuma yake, akakifungua kitabu, akakigeuza upande wa jua.

"Mimi macho yangu hayaoni vizuri," alisema, "kwa hiyo sijui unachofanya. Ila mwanga wa hapa ni mzuri kwa picha."

Palikuwa pameandikwa kwa mkono wake mwenyewe fundi: ameingia saa mbili na dakika tano, chumba cha uandikishaji, yeye na mtoto mmoja. Ametoka saa saba. Alipiga picha ukurasa huo, na kurasa nyingine mbili za tarehe mbili zilizobaki, maana hata siku hizo alifika. Akaandika malalamiko mapya. Safari hii alimwandika mkuu wa idara mwenyewe, pamoja na simu yake kwa shemeji, na chini kabisa akaongeza kwamba nakala ya nne, ambayo haimo kwenye fomu yenu, itapelekwa kwenye kikao cha madiwani.

Simu ililia jioni ile ile. Sauti ya Bi Utaitwa ilikuwa imetiwa asali. "Mama yetu, mkuu anakuomba kesho saa tatu. Ni mazungumzo ya kawaida tu."

Miezi minne hakuwa mama wa mtu hata mmoja katika ofisi ile, sasa amekuwa mama yao wote.

Kesho yake alikwenda na Pini, kwa kuwa hakuwa na pa kumwacha. Kwenye benchi alibanana na mwanamke mmoja aliyevaa fulana ya njano ya wafagia barabara, ufagio wake ameuegemeza ukutani. Alikuwa amekuja kabla ya wote. Alisema amemwomba mwenzake amshikie kipande chake cha barabara mpaka saa nne, zaidi ya hapo msimamizi atamwandika mtoro.

"Wako namba ngapi?" fundi alimuuliza.

"Ishirini na tatu. Wanangu ni mapacha, mmoja Mungu alimchukua, huyu mmoja ndiye aliyebaki. Namfungia ndani nikienda kufagia." Alisema hilo akitazama sakafu. "Nimekuja mara mbili, wakaniambia nitaitwa. Leo siondoki."

Mlango ukafunguliwa nusu. "Fundi, karibu ndani. Mtoto mwache hapo nje, ni mazungumzo ya watu wazima."

"Nenda dada, mimi nipo," mfagiaji alisema, na tayari alikuwa amempakata Pini, anampulizia kiganja chenye bendeji.

Ndani palikuwa na viti vya kuegemea mgongo, feni, na chai ya watu wanne. Mkuu wa idara alikuwa mtu wa tumbo na tai, shati lake limeshonwa vizuri sana, fundi hakuweza kumnyima hilo. Kando yake Bi Utaitwa, daftari mapajani. Pembeni yule kijana wa malalamiko, na fomu yake ya nakala tatu mbele yake.

"Tumekaa," mkuu alianza, "tumeyatazama mambo kwa jicho la kibinadamu. Kweli inawezekana sauti haikufika. Tunajifunza. Sasa kwa bahati nzuri imepatikana nafasi moja. Ya mwisho. Tumeona apewe binti yako." Akasogeza kikaratasi mezani. Kilikuwa na muhuri tayari. "Wewe weka tu alama hapo kwenye fomu kwamba umeridhika, tufunge jalada, na mtoto Jumatatu yuko darasani. Tusikuze mambo."

Fundi alikitazama kile kikaratasi, na nikuambie ukweli, alikitaka. Alikitaka kwa mwili mzima. Aliiona Jumatatu: Pini na sare, Pini na wenzake, pasi inawaka na hakuna mkono mdogo karibu nayo, na yeye anafanya kazi bila kugeuka nyuma kila dakika mpaka shingo inamuuma. Kalamu walikwisha kumwekea. Aliishika. Jamani, nani asingeishika?

Kisha akasoma namba. Ishirini na tatu.

Macho yake yakaenda kwenye daftari, lililokuwa wazi mapajani mwa Bi Utaitwa, juu chini kwake kama siku ile. Mstari wa ishirini na tatu. Tarehe mbili za nyuma, Mzazi hakufika, Mzazi hakufika. Na ya tatu ilikuwa tarehe ya leo. Mzazi hakufika. Wino ulikuwa bado unang'aa.

Nje ya mlango, kupitia feni na mbao, alimsikia Pini akicheka. Kicheko chake cha kutekenywa. Na sauti ya mfagiaji ikisema, "Ngoja, ngoja, mama anakuja sasa hivi, na mimi naitwa sasa hivi, tutaondoka wote."

Fundi alikaa na kalamu mkononi. Hasira iliyompanda haikuwa ile ya kidirishani. Ile ilikuwa ya moto, inatoka na maneno. Hii ilikuwa ya baridi, kwa sababu waliokaa mbele yake hawakumwomba radhi hata kidogo. Walikuwa wanamkaribisha kundini. Alikuwa amelalamika kwamba wanamnyang'anya maskini nafasi bila kumwita, nao wamemsikia, wakaenda kumnyang'anya maskini mwingine. Na walitaka aandike kwamba ameridhika.

Aliinuka. Mkuu alidhani anainuka kumpa mkono, akanyoosha wake. Fundi akampita, akaufungua mlango ule mpaka ukagonga ukuta.

"Namba ishirini na tatu!" aliita, na hiyo ndiyo sauti ya kuitia watu, ilifika mpaka getini. "Mzazi wa namba ishirini na tatu!"

"Nipo!" Mfagiaji aliruka kutoka benchini, Pini begani, ndala moja imebaki chini. "Nipo, jamani, nipo, tangu asubuhi nipo!" Akaingia mbio ndani ya chumba, anahema kama aliyekimbizwa, asije akaambiwa amechelewa.

Feni ilizunguka. Fundi akachukua kikaratasi mezani, akamtia mfagiaji mkononi. "Hiki ni cha mwanao."

Yule mwanamke alikitazama kile kikaratasi, akaona namba yake na muhuri, na machozi yakamtoka hapohapo. Akageuka. Akamgeukia Bi Utaitwa. Akapiga magoti kidogo, kwa adabu, na mtoto wa mwenzake begani. "Asante sana, dada yangu. Mungu akuzidishie. Kwa kweli sitakusahau maisha yangu."

Na Bi Utaitwa, uso mkavu, akajibu: "Karibu."

Hilo ndilo lililomshinda fundi. Angeweza kuondoka na kupoteza nafasi, hilo alikuwa amekwisha kulikubali pale mlangoni. Lakini shukrani hiyo hakuweza kuiacha ipite. Alilivuta daftari kutoka mapajani mwa karani, ambaye alilishika upande mmoja na kisha akaliachia, akaliweka mezani mbele ya mfagiaji, kidole kwenye mstari.

"Usimshukuru huyo. Soma."

Mfagiaji alisoma kama wasomavyo watu ambao kusoma si kazi yao, silabi kwa silabi, midomo inatembea. Alisoma tarehe ya kwanza. Akasoma ya pili. Alipofika ya tatu alisimama, akaangalia kalenda ya ukutani, akarudi kwenye daftari.

"Nani hakufika?" aliuliza.

Mkuu alikohoa. "Mama, hayo ni mambo ya ofisi tu, ya maandishi. Nafasi si umekwisha kupata?"

"Nani hakufika?" Sasa alipaza sauti. "Mimi niko hapo tangu saa kumi na mbili na nusu. Nimewapita nyote mkiingia. Wewe dada umeniruka miguu. Nani hakufika?"

Mlangoni watu wa benchi walikuwa wamesimama, wamejazana, wanachungulia kupitia mabega. Mzee mmoja akasema, "Wangu ni wa thelathini na moja, hebu mtazame hapo." Mwingine akasema, "Na arobaini." Bi Utaitwa alinyoosha mkono kufunga daftari, na mikono mitano ikalishika wazi.

Mkuu wa idara alimsogelea fundi karibu, akasema kwa sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini sasa haikuwa na asali. "Unajua ulichokifanya? Hiyo ilikuwa ya mwisho. Mtoto wako hana nafasi. Hana mwaka huu, na mwakani umri umepita. Umemfungia mlango mwenyewe, kwa mkono wako."

"Najua," fundi alisema. Na alikuwa anajua kweli. "Mlango mliufunga nyinyi. Mimi nimeufungua, ila si kwa wangu."

Yule kijana wa malalamiko, kwa mara ya kwanza tangu waingie, alitoa sauti. Aliisogeza fomu mbele ya fundi bila kumtazama mkuu wake. "Dada, hapa chini lazima pajazwe. Na nakala moja nitaipeleka mwenyewe kwa madiwani." Palikuwa na visanduku viwili. Mlalamikaji ameridhika: Ndiyo. Hapana.

Fundi aliweka alama kwenye hapana. Aliikandamiza kalamu mpaka ikatoboa nakala zote tatu na kuchora meza ya halmashauri. Kisha akampokea Pini kutoka begani mwa mfagiaji, ambaye alikuwa bado amelishika daftari na hakuacha kuuliza. Pini alimwuliza mama yake kama na wao wameitwa. Mama yake akamwambia hapana, hawakuitwa, akamfunga vizuri mgongoni kwa khanga na kutoka naye, kwa sababu ilikuwa karibu saa nne na kibandani kulikuwa na sare tano za watoto wa watu zinazotakiwa kufikia Jumatatu.